Kompyuta ya Turbo na Mlima wa Bugarama

Barabara ya RN1 ikitoka Bujumbura huanza kupanda mara tu mji unapoisha. Mji wenyewe uko kando ya Ziwa Tanganyika, mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari. Bugarama, kilomita 35 hivi mbele, iko zaidi ya mita 2,000. Vijana wa baiskeli hushika malori kwa nyuma ili wavutwe, na gari dogo lililonasa nyuma yao hupanda kwa gia ya pili, joto likizidi na upepo wa kupooza rejeta ukiwa haba. Katika safari hiyo moja mgandamizo wa hewa hushuka kutoka kilopaskali 92 hivi hadi chini ya 80, yaani injini inapokonywa takriban moja ya saba ya hewa iliyoanza nayo. Kwa hiyo mtu anayetaka kuchagua kompyuta mpya ya injini yenye turbo hana haja ya kuanza na vitabu vya matangazo. Aanze na mlima huu, maana unaonyesha wazi kitu ambacho matangazo hayakitaji: kompyuta bora ni ile ambayo fundi aliyepo anaweza kuisoma, kuithibitisha na kuisahihisha.

Kazi ya kompyuta hiyo inaelezeka. Husoma mzunguko wa krenki, mgandamizo ndani ya menifoldi, joto la hewa na joto la maji, kisha hutazama majedwali iliyopewa na kuamua nozeli ifunguke kwa muda gani na plagi iwashe lini. Bosch iliyaweka maamuzi hayo mawili ndani ya sanduku moja mwaka 1979, kwa mfumo wa Motronic uliofungwa kwenye BMW 732i. Turbo inaongeza uamuzi wa tatu: hewa isukumwe kwa nguvu kiasi gani. Hapo ndipo kosa linapokuwa ghali. Petroli huungua kikamilifu ikiwa kilo moja imepata kilo 14.7 za hewa, lakini turbo inaposukuma kwa nguvu, fundi hushusha hewa hiyo hadi kilo 12 au pungufu kidogo, ili petroli ya ziada ipooze mwako. Akikosea, injini huanza kugonga, na pistoni inaweza kutoboka kabla dereva hajasikia kitu.

Sasa upandishe hesabu hiyo mlimani. Tuseme kompyuta imeagizwa kuweka kilopaskali 180 ndani ya menifoldi. Ziwani, turbo inaizidisha hewa karibu mara mbili. Bugarama, agizo lilelile linadai izidishwe mara 2.3 hivi, kwa hiyo turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi, katika gari ambalo tayari limechemka kwa kupanda taratibu. Mpangaji makini wa majedwali hayo huipunguzia turbo lengo kadiri hewa ya nje inavyopungua, na ili afanye hivyo anahitaji kompyuta inayojua hewa ya nje ikoje wakati huohuo. MegaSquirt, kwa mfano, kwa mpangilio wake wa kawaida huipima hewa ya nje kwa sensa ya menifoldi wakati ufunguo unapowashwa, kabla injini haijazunguka. Gari likiwashwa ziwani na kupanda bila kuzimwa, kompyuta inafika Bugarama ikiamini bado iko ufukweni. Dawa yake inajulikana: sensa ya pili inayopima hewa ya nje muda wote. Haigharimu sana, lakini itafungwa tu ikiwa mtu ameufikiria mlima kabla ya kununua.

Majina ya kuchagua yapo mengi. Haltech na MoTeC zinatoka Australia, Link inatoka New Zealand, Ecumaster inatoka Poland. MegaSquirt ilianzishwa Marekani na Bruce Bowling na Al Grippo, na ilijulikana kwa kuuzwa vipandevipande ili mnunuzi achomelee risasi mwenyewe. Speeduino imejengwa juu ya Arduino, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Ukipima kwa uwezo, MoTeC iko mbele sana ya Speeduino, na hilo halina ubishi. Ila uwezo ambao hakuna anayeutumia haumsaidii mwenye gari, na sanduku likiungua sehemu ndogo, lile lenye mchoro wazi linaweza kufufuliwa na fundi wa redio mwenye macho mazuri, wakati lile la fahari litangoja safari ya ng'ambo na kurudi. Mimi ningelinunua la fahari pale tu ambapo fundi wangu amekwisha kulipanga lingine la aina hiyo na anaweza kunieleza kila jedwali ndani yake.

Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura na wa gereji, ni mahali pazuri pa kuielewa heshima ya kazi ya fundi huyo, kwa sababu pale thamani ya fundi hujulikana kwa gari linaloondoka. Tazama jambo moja dogo. Kabla ya kugusa jedwali lolote, mpangaji hufunga muda wa kuwasha usitoke digrii 10, halafu humulika puli ya krenki kwa taa ya taimingi huku mwenzake akikanyaga mafuta polepole. Alama ya puli lazima isimame palepale kutoka mizunguko 1,000 hadi 4,000. Ikiteleza, huenda nyaya mbili za sensa ya krenki zimefungwa kinyume, na kila namba itakayoandikwa baadaye itakuwa ya uongo. Ni kazi ya dakika chache, haihitaji mtandao, na hakuna kompyuta ya bei yoyote inayoweza kuifanya kwa niaba ya jicho la mtu. Fundi anayeiruka hatua hii asikabidhiwe gari, hata kama laptopu yake ni mpya.

Wapo watakaosema kompyuta ya kiwandani inatosha, na mara nyingi wanasema kweli. Wahandisi wa Toyota au Subaru walitumia miaka kuifundisha kuwaka asubuhi ya baridi, kustahimili joto na kujiokoa sensa inapokufa. Injini ikiwa na turbo yake ya asili na nozeli zake za asili, kuing'oa kompyuta hiyo ni hasara. Hoja inageuka pale turbo imebadilishwa, injini imehamishiwa gari lingine, au sanduku la asili limekufa na lililotumika halipatikani. Hapo kudanganya sensa ili kompyuta ya zamani ikubali hali mpya ni kupanda na mzigo usiojulikana uzito.

Pingamizi zito zaidi ni la hali ya nchi. Burundi imekaa miaka kadhaa na uhaba wa mafuta, foleni ndefu vituoni na petroli ya madumu inayouzwa kwa magendo. Katika hali hiyo, kuhangaikia turbo kunaweza kuonekana anasa. Naona kinyume. Petroli isiyojulikana ilikotoka ndiyo sababu kuu ya kupanga kwa tahadhari: kuchelewesha cheche kidogo, kuacha nafasi ya usalama, kuamini sensa ya kugonga na pia sikio lililounganishwa na bomba la shaba kwenye bloku. Tena ujuzi wa kusoma mchanganyiko kwa sensa ya moshi humfaa fundi huyohuyo anapotafuta kwa nini teksi isiyo na turbo inakunywa mafuta kupita kiasi, na mwenye teksi hiyo ndiye anayeteseka zaidi kwenye foleni.

Limebaki suala la nenosiri. Wapangaji wengi huyafunga majedwali yao, na hoja yao si ya kudharau: ni jasho lao, na hakuna apendaye mwingine aharibu kazi yake kisha lawama zimrudie. Kwa gari la mashindano linalorudi kwa fundi mmoja kila wiki, haki hiyo naikubali. Lakini gari linaloishi mjini litafungwa nozeli ya ukubwa mwingine siku moja, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, na jedwali lililofungwa halitaweza kuambiwa. Basi kabla ya kulipa, mnunuzi aulize faili litabaki kwa nani. Nakala moja iwe mkononi mwa mwenye gari, pamoja na karatasi inayosema nozeli ni za ukubwa gani, pampu inasukuma kwa mgandamizo upi, na upangaji ulifanyika kwa petroli ya aina gani, ili fundi wa barabara nyingine ya Buyenzi aweze kuifungua na kuendelea pale mwenzake alipoishia.