Ngeli za Maneno na Oda za Mimea: Uhakiki wa Oda ya Jeraniamu

Katika mtaa wa Buyenzi, jijini Bujumbura, watoto wengi huzungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, lakini sayansi huisoma kwa lugha nyingine. Mwanafunzi mmoja wa mtaa huo alitujia na vitabu viwili vya elimu ya mimea, vyote vya Kifaransa. Cha zamani, alichorithi kwa babu yake, kiliuweka muhogo katika oda ya jeraniamu, iitwayo Geraniales. Kipya kiliuweka katika oda ya Malpighiales. Akatuuliza: "Mwalimu, kipi kati ya hivi kinasema uongo?"

Twaona kuwa swali hili lawahusu walimu wa lugha pia, kwani kazi ya kupanga vitu katika makundi ni kazi yetu ya kila siku.

Tuanze na jina. Geranium latokana na neno la Kiyunani la ndege mwenye mdomo mrefu, kwa kuwa tunda la mmea huo huchongoka kama mdomo. Likikauka, hupasuka katika vipande vitano vinavyojikunja na kuzirusha mbegu. Mwaka 1753 Linnaeus aliikusanya mimea mingi ya namna hiyo katika jenasi moja ya Geranium. Mwaka 1789 Mfaransa L'Héritier aliitenga jenasi ya Pelargonium, ambayo petali zake mbili za juu hutofautiana na zile za chini. Jina hili nalo latokana na ndege, naye ni ndege mwingine. Kiswahili huwaita wote wawili korongo. Wanasayansi walikubali, watu wa kawaida hawakujali. Hadi leo maua ya makopo yaitwayo jeraniamu kwa Kifaransa ni Pelargonium, na hata mafuta ya jeraniamu ya jirani zetu wa Rwanda hukamuliwa kutoka katika mmea huo.

Oda nayo imebadilika mno. Mjerumani Adolf Engler (1844-1930) aliitazama zaidi ovari ya ua na jinsi ovuli zinavyokaa ndani yake. Kwa kipimo hicho, muhogo, mchungwa na mwarobaini viliingia pamoja na jeraniamu. Mwaka 1981 Mmarekani Arthur Cronquist aliipunguza oda hiyo ikabaki na familia tano, mojawapo ikiwa ile ya mbilimbi wa pwani. Kisha ukaja uchunguzi wa jeni. Katika mpangilio wa mwaka 2016 zimesalia familia mbili tu. Mbilimbi umepata oda nyingine, na ua la bustanini liitwalo Impatiens, ambalo Cronquist aliliweka humo, sasa limo katika oda moja na mchai. Mahali pao pamekuja mgeni asiyetazamiwa: Bersama abyssinica, mti wa misitu ya milimani ya Afrika ya Mashariki, usiofanana hata kidogo na ua la kopo.

Mwalimu wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Wanasarufi wa zamani waliziainisha nomino kwa viambishi vyake, hivyo kipofu akakaa pamoja na kiti na kisu. Waliokuja baadaye walitazama upatanisho: twasema "kipofu anakuja", wala hatusemi "kipofu kinakuja", basi wakampeleka katika ngeli ya A-WA. Bersama ni kama huyo kipofu: sura yake yasema hivi, nasaba yake yasema vingine. Hata hivyo kiambishi hakikupoteza kazi, maana ndicho kitufundishacho kuwa wingi ni vipofu. Vivyo hivyo, mkulima ataendelea kuutambua mmea kwa ua na tunda.

Kosa tunalolilaumu ni la vitabu vya shule na kamusi zetu. Vitabu huorodhesha oda pasipo kueleza zimepangwa kwa kipimo gani. Mwanafunzi hukariri, na orodha ikibadilika hudhani amedanganywa. Kamusi nazo mara nyingi hutosheka kuandika "aina ya mti" au "aina ya ua", maelezo ambayo hayamtengi mbilimbi na mwarobaini. Kamusi ikitaja tunda, umbo la ua na mahali mmea uotapo, maelezo yake yatafaa hata oda ikihamishwa tena.

Tulimjibu mwanafunzi wetu kwamba hakuna kitabu kilichosema uongo: cha babu kilipima kwa ua, kipya kimepima kwa jeni, na kipya kina ushahidi ulio mzito zaidi juu ya nasaba. Tukamwomba aandike hayo kwa Kiswahili, pembeni mwa ukurasa wa kile cha zamani, wala asikitupe.