Nyamwamba na Hesabu ya Mawe

Mto Nyamwamba, unaoteremka kutoka milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, ulipofurika tarehe 1 Mei 2013, ulivunja madaraja, ukazoa nyumba na kuingia hadi hospitali ya Kilembe, mji wa mgodi wa shaba. Maji yalipopungua yaliacha mawe kila mahali, mengine ya ukubwa ambao watu kumi wasingeweza kuyasogeza. Mafuriko yakitokea, huwa tunahesabu mvua. Kwa Nyamwamba, mimi naanzia kwenye mawe: yalitoka wapi, na nini kiliyashusha?

Rwenzori si volkano kama Kilimanjaro. Ni bonge la miamba ya kale lililoinuliwa na nguvu zilezile zilizopasua Bonde la Ufa, hadi kufikia mita 5,109 kwenye kilele cha Margherita. Hewa yenye unyevu ikikutana na ukuta huo hulazimika kupanda, ikapoa, ikamwaga maji. Huko juu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ilhali chini kuna ukavu wa kutosha kuwafanya wakulima wa Mubuku wategemee mifereji ya umwagiliaji. Kwa hiyo mtu wa Kasese, mji ulio chini ya mlima, anaweza kufikiwa na mafuriko huku jua likimwakia kichwani.

Mwaka 2012 moto uliunguza uoto wa sehemu za juu za bonde la Nyamwamba. Kuvumwani na vichaka vya erika vya mlimani hunywa mvua na kuiachia taratibu. Vilipoteketea, mvua za mwaka uliofuata ziliteremka bila kizuizi, maporomoko ya ardhi yakasukumia mtoni udongo, magogo na mawe. Mto ukapata mzigo, na mteremko wa kuubebea ulikuwepo tayari.

Wataalamu wa mito wana kanuni moja ya zamani inayostahili kubandikwa katika ofisi ya kila mhandisi wa wilaya: kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe kubwa kabisa linaloweza kusukumwa huongezeka mara 64. Ndiyo sababu mto unaovukwa kwa miguu mwezi wa Januari unaweza kung'oa daraja mwezi wa Mei. Kanuni hiyo hufanya kazi kinyumenyume pia. Kasi ikipungua kidogo tu, mawe makubwa hutuliwa kwanza, kisha kokoto, halafu mchanga. Matope husafiri mpaka ziwani.

Kilembe imebanwa kati ya milima, kwa hiyo maji hupita yakiwa yamekusanyika. Yakitoka kwenye mlango wa bonde na kufika uwanda wa Kasese hutawanyika, yakachoka, yakatua mzigo. Kwa maelfu ya miaka mzigo huo umejilundika kwa umbo la pepeo lililokunjuliwa, mpini wake ukielekea mlimani. Mto uliolijenga haukukaa njia moja: kila ulipojaza kitako chake kwa mawe uliruka pembeni, mahali palipokuwa chini zaidi. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe, mji ulipata ardhi tambarare ya kujengea. Ilikuwa tambarare kwa sababu Nyamwamba ilikwisha kuitembelea yote.

Mto ulirudi mwaka 2014, ukarudi tena Mei 2020 na kuivamia hospitali ileile. Kila furiko likiacha mawe, kitako huinuka, na furiko linalofuata halihitaji maji mengi kama lile la kwanza ili kuvuka kingo. Gabioni, yale makasha ya waya yaliyojazwa mawe, hulinda ukingo lakini hazipunguzi mzigo. Kuchimbua mto nako kunasaidia, mradi mawe yaondolewe kabisa. Yakirundikwa kando, mto utayachukua msimu ujao, tena bila kuyatafuta mbali. (Hili la kurundika kando hunikera kuliko yote.)

Kilembe ina mzigo wa aina nyingine pia: mabaki ya mgodi, yenye shaba na kobalti, yaliyolundikwa karibu na mto. Nyamwamba huyamega na kuyapeleka kuelekea Ziwa George, na maji ya ziwa hilo hupita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward.

Huko Bwera, mpakani na Kongo, mto Lhubiriha hufanya kazi ileile, nao mwaka 2020 ulifurika pia. Tofauti ni kwamba mkataba wa Uingereza na Ubelgiji wa mwaka 1915 uliufanya mto huu kuwa mpaka wa Uganda na Kongo. Ukijenga gabioni upande wa Mpondwe, ndani ya Uganda, nguvu ya maji haipotei. Huhamia ukingo wa pili, na ukingo huo uko chini ya serikali nyingine. Kwa Nyamwamba, mhandisi anaweza kupanga mto mzima, tangu mlimani hadi ziwani, kwa amri za nchi moja. Kwa Lhubiriha, hata kasha moja la mawe linahitaji makubaliano ya ng'ambo kabla ya kuwekwa.