Kuitambua Picha Njema ya Supanova

Akija mtu na picha ya supanova aliyoipiga uani kwake, mikono ya galaksi iache kwanza. Tafuta nukta. Nyota iliyolipuka iko mbali mno hata isionekane kuwa na umbo, kwa hiyo katika picha njema hufanana na nyota za kawaida zilizo jirani nayo. Hizo zikiwa zimevutika kama punje za mchele na yenyewe ni duara safi, hapo pana mkono wa mtu. Ikiwa ni pikseli moja yenye kingo kali, basi ni kasoro ya kamera.

SN 2023ixf inafaa kwa kulizoeza jicho. Koichi Itagaki wa Japani aliigundua tarehe 19 Mei 2023 katika galaksi ya M101, miaka ya nuru milioni 21 hivi kutoka kwetu. Ilizuka karibu na NGC 5461, wingu la gesi ing'aayo, na wageni wengi huweza kulidhania wingu hilo kuwa ndiyo supanova. Wingu lina ukungu pembeni; nyota haina. Ndiyo maana picha ya galaksi hiyohiyo kabla ya mlipuko, kwa kipimo na mwelekeo uleule, naihesabu kuwa nusu ya kazi.

Sasa kagua weupe. Mwenye tamaa ya kuipata mikono ya galaksi huiacha kamera wazi muda mrefu, akaiunguza nyota: inabaki doa lisilo na rangi, na mwangaza wake haupimiki tena. Fundi hupiga nyingi fupifupi, kisha akazipandanisha kwenye kompyuta. Víctor Buso, fundi kufuli wa Rosario, Argentina, alikuwa akijaribu kamera mpya juu ya paa lake tarehe 20 Septemba 2016. Kwa kuwa anga la mji limejaa taa, kila picha aliipa sekunde 20 tu. Hivyo ndivyo alivyoinasa SN 2016gkg, katika galaksi ya NGC 613, ikizuka: picha za mwanzo hazina kitu, za baadaye zina nukta inayozidi kung'aa. Kwangu mimi hakuna za nyumbani zinazozishinda hizo, ingawa kwa uzuri wa macho huwezi kuzitundika sebuleni.

Anga jeusi tititi nalo linatia shaka. Mara nyingi mtu amelikandamiza ili afiche chengachenga, na ncha hafifu za galaksi zimezama humohumo.

Ila usimwonee aliyepiga kutoka Dar es Salaam. Huko M101 haifiki hata nyuzi 30 juu ya upeo wa kaskazini, na hewa nzito ya pwani huvimbisha nyota. Zikivimba zote sawasawa, nukta ikiwemo, kazi ni halali.

Kisha muulize aliipiga tarehe gani, saa ngapi kwa saa za kimataifa. Akikujibu "juzi usiku," mrudishie picha yake.