Kuanzia Chini ya Gari

Nissan ilipoitoa Datsun 240Z mwishoni mwa 1969, ilikuwa imetengeneza gari la spoti la barabara ya lami: boneti ndefu, viti viwili, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393, uzito wa tani moja na ushee. Pasaka ya 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki, takribani kilomita 6,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Nyuma yao, katika 240Z nyingine, walikuja Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwenyewe na Lofty Drews, tena kwa gari la aina hiyohiyo.

Gari la Herrmann bado linatunzwa na Nissan huko Zama, Japani. Ni jekundu, boneti imepakwa rangi nyeusi ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni. Mtu wa Kumsenga, mkoani Kigoma, akiiona picha yake ataanza kutazama nafasi iliyo kati ya tumbo la gari na ardhi. Amekulia kwenye udongo mwekundu wa Kibondo na Kasulu, unaoteleza masika na kuacha makorongo magumu kiangazi, na anajua gari huuawa kutokea chini. Miaka ya karibuni lami imesogea kutoka Kabingo kuelekea Kasulu hadi Manyovu, na mwenye gari la zamani anaweza kuota Jumamosi ya kona na vilima. Lakini lami hiyo inaisha mahali, na mabega yake ni yaleyale.

Fundi ninayemheshimu ni yule anayeliacha suala la injini hadi mwisho. 240Z haina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, nayo ni mabati membamba yaliyounganishwa kwa nukta za moto. Barabara mbaya huzifungua nukta hizo moja baada ya nyingine. Kwa hiyo kwanza anachokonoa kwa bisibisi kutafuta kutu, kwani bati la magari haya lilikuwa maarufu kwa kuoza. Anakwangua rangi kwenye maungio, kisha anachomelea vipande vifupi, kimoja mbele kulia, kingine nyuma kushoto, akiacha bati lipoe kati ya kimoja na kingine. Akivuta mstari mrefu kwa pupa, joto litalikunja bati, na milango haitafunga tena sawasawa. Pale vichwa vya shokapu vinaposhika bodi anaongeza bamba, kwa kuwa kila pigo la shimo linaishia hapo. Halafu anapiga rangi juu ya yote. Wiki nzima ya kazi inapotea machoni, na mteja asiyejua atauliza kilichofanyika ni nini.

Baada ya hapo ndipo anainua. Neno la mjini ni kunyanyua gari, na wengi hufanya hivyo kwa saa moja: spesa zinawekwa juu ya springi, gari linasimama kifua mbele, mwenyewe anapiga picha. Mimi kazi hiyo siipendi. Kila gurudumu la nyuma la 240Z linajitegemea, linazungushwa na shafti yenye krosi huku na huku. Ukilinyanyua gari kupita kiasi, shafti inalala kwenye pembe kali, krosi zinaliwa, na tairi linabadili namna linavyokanyaga ardhi. Fundi mvumilivu anatafuta springi na shokapu zinazoelewana, maana springi ndefu juu ya shokapu fupi humaliza mwendo wa shokapu mapema. Anaongeza sentimita chache, anapima pembe za magurudumu upya, anaweka bamba la kukinga sampu. Anabadilisha kila bushi iliyochoka. Breki anazigusa kabla hajaigusa kabureta hata moja: diski mbele, ngoma nyuma, mipira mipya, mafuta mapya, kwa sababu mteremko hausubiri.

Joginder Singh alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Sioni bahati hapo. Naona mtu aliyejua kila nati ya gari lake imefungwa na nani.

Na sasa injini. 240Z ilitoka kiwandani na kabureta mbili za mtindo wa SU, ambazo ndani yake kuna pistoni inayopanda na kushuka yenyewe kwa kadiri ya hewa inayovutwa. Huku juu Kibondo na Kasulu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Petroli iliyopimwa pwani inakuwa nyingi mno. Fundi anaweka ncha ya mpira mwembamba kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni. Anasikiliza mluzi wa hewa, anahamia kabureta ya pili, anarudi, anageuza skrubu kidogo, mpaka miluzi ilingane. Kisha anainua pistoni kwa kidole, kiasi cha unene wa ukucha. Injini ikipandisha mzunguko na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, imepungua. Ikipanda mara moja kisha ikatulia, anatoa mkono na kuhamia upande wa pili. Hakuna kompyuta inayomwambia. Ana sikio, na ana subira ya kuanza upya kila kabureta moja inapoivuruga nyingine.

Mwisho anachora mstari wa rangi nyeupe kwenye kila bolti ya chini, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilichoshikwa. Gari likirudi kutoka safari ya kwanza, analala chini yake na tochi kabla hajamuuliza dereva lilikwendaje. Nati ambayo mstari wake umekatika imesogea, nayo inafungwa tena na kuchorwa tena.