Neno "Sifa" Katika Hesabu za Wafungwa

Wafasiri wa Kiswahili wamezoea kuziita hesabu za umri, jinsia, rangi na elimu ya kundi la watu "sifa za kidemografia". Katika habari za wakulima au wanafunzi neno hili halidhuru. Katika habari za wafungwa lapotosha, na yafaa lipimwe.

Sifa, kwa asili yake ya Kiarabu na kwa matumizi yetu, ni jambo lililo la mtu mwenyewe: urefu, upole, ushujaa. Basi msomaji akiambiwa kuwa katika sifa za wafungwa wa jimbo la Louisiana, Marekani, yapata theluthi mbili ni watu weusi, hali watu weusi ni kama theluthi moja tu ya wakazi, atadhani ameonyeshwa tabia yao. Kumbe mkono wa sheria umo ndani ya tarakimu hiyo. Katiba ya 1898, iliyotungwa kwa nia iliyotangazwa waziwazi ya kuimarisha utawala wa weupe, iliruhusu watu 9 katika baraza la watu 12 kumtia mtu hatiani. Katiba ya 1974 ilitaka watu 10. Wapiga kura waliifuta kanuni hiyo mwaka 2018, kwa makosa ya tangu 2019. Mahakama Kuu ya Marekani ikaibatilisha mwaka 2020. Lakini wale ambao rufani zao zilikwisha kabla ya hapo, mahakama zilikataa uamuzi huo uwafikie.

Umri nao ni vivyo hivyo. Kifungo cha maisha huko kwa kawaida hakina njia ya kuachiliwa mapema. Kwa hiyo wengi huzeekea katika gereza kuu liitwalo Angola, jina la shamba la watumwa lililokuwa mahali hapo. Wingi wa wazee wao hueleza hukumu, wala hauelezi kuwa wazee wa Louisiana ni wahalifu kuliko wengine.

Neno lifaalo ni "mgawanyo": mgawanyo wa wafungwa kwa rangi, kwa umri, kwa muda wa kifungo. Kweli, kwa kiasi cha elimu ya mtu "hali" yatosha. Lakini mgawanyo hutoka katika kugawanya, na kitenzi hicho hutaka mtendaji. Msomaji atauliza ni nani aliyegawa, na kwa kipimo gani. Neno sifa halimpi nafasi ya kuuliza.