Binti Aliyejichagulia Baba

The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor niliisoma nikiwa nimelala sakafuni, chumba kile kile nilichokulia, wiki ya tatu baada ya kuacha chuo. Mtaani walisema mvivu. Bibi akasema, "Mwacheni, ana mawazo tu." Huku Lamu ndilo neno letu, mawazo. Daktari angeita sonona, lakini sonona bado haijashuka kwenye jeti yetu.

Riwaya ilitoka 2019, kwa Kiingereza, ila ni ya kwetu. Inaanzia Pate mwaka 1992. Ayaana ana miaka saba, mwembamba, ana kipaka chake, na anajificha kwenye mikoko kuangalia bahari. Anamngoja baba asiyemjua. Mamake, Munira, ametengwa na jamaa zake kwa kumzaa, na kisiwa ni kidogo, kila mtu anajua. Anayefika ni Muhidin, baharia aliyerudi kwao na umri umeenda. Mtoto anamwomba awe babake. Basi, imekwisha.

Mwaka 1998 Felitti, Anda na wenzao huko Marekani walichapisha utafiti uliowauliza maelfu ya watu wazima wa California kuhusu utoto wao: kupigwa, kudhulumiwa, kuishi na mlevi. Kadiri machungu yalivyoongezeka, ndivyo uwezekano wa sonona ukubwani ulivyopanda. Uwezekano, si hukumu. Tabia nayo imo: mtu mwepesi wa wasiwasi huzama haraka zaidi, na huo wasiwasi wenyewe huenda ulipandwa utotoni.

Baba yetu aliondoka nikiwa na miaka minane, kaka yangu kumi na mmoja. Nyumba moja, fimbo moja. Leo yeye anaendesha boti ya Mokowe na kuwachekesha abiria njia nzima. Mimi nilifika mahali siwezi kufungua mlango wa hosteli.

Ndiyo maana namwonea wivu Ayaana, na ndipo ninapogombana na mwandishi. Amempa mtoto huyu kila kinga: udadisi, ukaidi, mdomo, halafu Muhidin juu yake. Akienda Xiamen kusomea ubaharia, akionyeshwa kama uzao wa mabaharia wa Zheng He, anaumizwa kweli, lakini kila akianguka sentensi nzuri inamdaka. Kurasa za Uturuki zilinichosha, sifichi. Huzuni imetiwa marashi mno. Mawazo ninayoyajua mimi hayanukii asumini. Ni siku nne bila kuoga, na simu uso chini.

Munira ndiye aliyenishika. Ukali wake, kiburi chake, jinsi anavyompenda binti kama mtu anayefunga dirisha dhoruba ikija. Huyo hakuchagua tabia yake, ilichongwa na aibu aliyobebeshwa. Ningesoma kurasa mia tano za Munira peke yake.

Juzi nilimsimulia kaka kisa hiki botini, injini ikinguruma. Akasikiliza mpaka mahali pa Muhidin, akapunguza mwendo.

"Kwa hiyo alimwomba tu mzee wa watu awe babake?"

"Ndiyo."

"Na sisi tulimwomba nani?"

Abiria mmoja akapiga kelele kwamba anachelewa, naye akaongeza mafuta.