Sanduku la Posta Chini ya Shairi

Alikuwa akihesabu mizani kwa vidole, kibarazani kwake Ngamiani, Tanga. Nane kwa nane. Akifika mwisho wa mshororo hutulia, husogeza kofia nyuma kidogo, kisha huurudia kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimetumwa ungo, nikausahau. Nilidhani mzee anajisomea mwenyewe.

“Huyu wa Lindi atanikamata hapa,” akaniambia bila kuinua macho. “Kina kimelegea.”

Huyo wa Lindi hakuwahi kumtia machoni. Walijuana gazetini tu. Mmoja huuliza kwa shairi, mwenzake humjibu wiki kadhaa baadaye kwa bahari ile ile na vina vile vile, halafu anazuka wa tatu kutoka Kigoma kuja kuwasuluhisha, naye ndiye huzidi kuwasha moto. Mzee wetu alikuwa fundi cherehani, na beti zake alizikagua kama mishono: alijua upande wa pili kuna mtu atakayezigeuza ndani nje.

Lakini kilichonikaa moyoni ni mstari usiokuwa na vina, ule wa chini kabisa. Jina, au lakabu, kisha S.L.P. na namba, kisha mji. Sanduku lenyewe hata halikuwa lake, lilikuwa la tajiri wa duka la vitambaa ambaye barazani pake ndipo alipoweka cherehani. Kila Jumamosi alimsogelea tajiri kwa adabu nyingi, akauliza habari za mzigo, habari za watoto, bei ya marekani, na mwisho kabisa, kana kwamba amekumbuka tu, “Posta hawakuleta kitu?” Barua ikiwepo hakuifungua palepale. Aliiweka mfuko wa kanzu na kuendelea kushona, na siku hiyo, nakwambia, suruali ya mtu ilikuwa na bahati. Kuandika S.L.P. chini ya shairi ni kusema: haya ni maneno yangu, na mimi napatikana hapa.

Ufundi huo wa kutunga ukimfikiria msomaji haukuanza na magazeti, ingawa Mambo Leo, tangu 1923, lilizoesha watu wa bara na pwani kusomana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga akijua Lamu wako watakaomrudishia. Mwana Kupona, mwaka 1858, hakuandikia ulimwengu. Alimwita binti yake akae karibu na wino na karatasi, akamwusia kwa utendi. Msomaji mmoja, tena wa nyumbani, na hadi leo tunausoma utendi ule kana kwamba tunasikiliza mlangoni. Naye Abdilatif Abdalla, kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, hana hakika kama litatoka hata neno moja. Bado alipima mizani. Angelegeza, nani angemlaumu?

Siku hizi tunaandika kama wapiga debe wa stendi: tunaita abiria wote, hatumjui hata mmoja. Shairi linarushwa kwenye simu asubuhi, kufikia adhuhuri limepata vidole gumba mia, na hakuna aliyeona kwamba ubeti wa tatu umepungukiwa mizani mbili. Wanaotusoma wamekuwa wapiga makofi. Simlaumu kijana anayependa makofi, hata mzee aliyapenda. Ila makofi hayakumfanya arudie mshororo mara tano. Yule wa Lindi ndiye aliyemfanya.

Mzee hayupo tena, na duka la vitambaa sasa linauza vocha na chaja. Daftari lake ninalo mimi. Ukurasa wa mwisho una majibu kwa yule wa Lindi, beti saba, wa sita umefutwa na kuandikwa upya mara mbili. Hayakutumwa. Chini yake S.L.P. ameshaiandika.